Vidonge vya Wifi

Mama Sweta, kama mtaa mzima ulivyomwita, alifuma sweta za shule kwa mashine sebuleni kwake. Miaka minne hakumtia machoni kitinda mimba wake, aliyeolewa mbali. Mjukuu alimjua kwa sauti ya simu tu. Sasa walikuwa wanakuja, kwa wiki moja.

Kila jioni alitandika kitanda cha wageni, akakitandua, akakitandika upya. Tatizo lilikuwa kifua. Alikohoa hata mbavu zikauma.

"Mtoto nitampakataje na kikohozi hiki?" alimwuliza wifi yake.

Wifi akamletea antibayotiki zilizobaki kwake. "Mimi zilinisaidia. Meza, wifi."

Akazimeza, huku akiendelea na dawa yake ya moyo ya kila siku. Kikohozi kikapungua. Lakini siku ya tano akatapika, kichwa kikawa chepesi. Sufu nyeupe aliyomnunulia mjukuu akaiona ya manjano. Akaibeba hadi dukani kugombana.

"Hii nyeupe pe, mama," alisema muuza nyuzi. "Hebu keti. Hali yako si nzuri."

Akamwita mfamasia wa duka la dawa la jirani. Mfamasia akamshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo. Yalikuwa ya polepole mno.

"Mama, umemeza nini zaidi ya dawa zako?"

Mama Sweta akamwambia. Mfamasia hakumgombeza. Alitafuta gari, akampeleka hospitali. Njiani akamweleza.

"Dawa haikai mwilini milele. Mwili una vimeng'enya, hasa kwenye ini, vinavyovunja dawa nyingi. Tumboni nako kuna bakteria, wengi wao wema, nao huvunja. Ni kazi ya ubia. Kwa baadhi ya watu, bakteria hupunguza dawa ya moyo kama yako kabla haijaingia kwenye damu. Antibayotiki nyingine huwaua, na nyingine huzuia mwili wenyewe kuitoa dawa. Basi inazidi, inakuwa sumu: unatapika, mapigo yanapungua, hata cheupe unakiona cha manjano."

"Kumbe nilikuwa na vibarua tumboni, nikawafukuza kazi?"

"Ndiyo, mama. Bila kujua."

Hospitali wakasimamisha dawa ya moyo, wakampima damu. Binti alipofika, alimkuta mama yake wodini. Siku nne za ile wiki ziliishia hapo. Watoto hawakuruhusiwa kuingia. Mjukuu alipunga mkono nje ya dirisha, bibi akabandika kiganja chake kwenye kioo.

Siku tatu zilizobaki alimpakata nyumbani mpaka mikono ikafa ganzi.

"Nitarudi, mama," binti alisema wakiagana. "Sitaki zawadi wala mapokezi. Nikukute upo tu."

Siku hizi Mama Sweta ana karatasi yenye majina ya dawa zake zote. Humwonyesha daktari au mfamasia kabla ya kumeza kitu kipya. Wifi naye alirudisha duka la dawa vidonge vyake vilivyosalia.

Mjukuu ameanza kusema "bibi" kwenye simu. Moyo unapiga sawasawa. Imebaki miezi minane binti arudi.