Kosa Kwenye Safu ya Alto

Kila alasiri kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wengine walitimua mbio kwenda nyumbani kabla mvua haijawafumania njiani. Wanakwaya walibaki. Walisogeza madawati ukutani, wakafagia darasa la gredi ya sita, kisha wakajipanga: soprano kushoto, alto kulia, na wavulana wakubwa wa teno na besi nyuma, wakisukumana kama kawaida yao. Mwalimu Obiero aliingia na chaki mfukoni na kikombe cha chai mkononi. Mtu yule, bila chai, hakuweza kufundisha hata "do".

"Leo nataka sauti, sitaki kelele," alisema. "Kelele ninazo za kutosha nyumbani kwangu."

Wimbo ulikuwa mpya. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameutunga, kuhusu mashamba ya chai yanavyofufuka kiangazi kikiisha, na kwaya ingeuimba kwenye tamasha la muziki mjini Kericho. Aliandika noti ubaoni, kila sauti na mstari wake. Palikuwa na mahali pamoja tu pagumu. Kwenye maneno "mvua yarudi", soprano walipanda juu, nao alto wakashuka chini. Jamani, si mchezo! Sikio la mtu hupenda kufuata wanaopanda. Kushuka wakati wenzako wanapaa kunataka moyo.

Katika safu ya alto alisimama Mongina, msichana wa miaka kumi na miwili, binti wa mchuma chai aliyeitwa Nyamoita. Mwaka uliotangulia Mwalimu Obiero alikuwa amemsifu mbele ya shule nzima: "Mongina akisikia wimbo mara moja, umeshamwingia kichwani." Sifa hiyo ilikuwa tamu, na ndiyo iliyomponza. Alto walipofundishwa mstari wao, Mongina alikuwa nyumbani, amelala na homa. Aliporudi, mwalimu aliuliza kama kuna asiyeujua. Mkono wake ulitaka kuinuka, akauzuia. Yeye, Mongina mzima, aseme hajui?

Basi akabuni ujanja. Mwalimu Obiero alikuwa na desturi ya kupita kati ya safu wakiimba, akiinamisha sikio kwenye kinywa cha kila mmoja. Alipomkaribia, Mongina alifungua mdomo wazi, akainua na nyusi, lakini sauti hakutoa hata chembe. Mwalimu akishapita, aliimba kwa kubahatisha. Na kila walipofika "mvua yarudi", alipanda pamoja na soprano.

Kando yake alisimama rafiki yake Amondi, ambaye baba yake alifanya kazi kiwandani. Amondi alikuwa mpole na mwenye haya, na huu ulikuwa mwaka wake wa kwanza katika kwaya. Nyanya yake wa Fort Ternan alikuwa ameahidi kupanda basi hadi Kericho kuja kumsikiliza. Amondi alikuwa ameshawaambia watu wote, hata mbwa wa jirani.

Siku moja mwalimu alisimamisha wimbo ghafla. "Nani huko alto ananing'inia kwenye mkia wa soprano?"

Wakarudia. Mwalimu alikuja akasikiliza. Mongina alifunga sauti mara moja. Amondi naye, kwa kuogopa, sauti ikaanza kumtetemeka, ikasikika kama inayopanda.

"Amondi, ni wewe," mwalimu alisema. "Unapanda."

"Mimi, mwalimu?"

"Wewe. Ijumaa nitakusikiliza peke yako. Kama bado, mwaka huu utatupigia makofi, uimbe mwakani."

Hakusema kwa ukali, lakini machozi yalimlenga Amondi. Walipokuwa wakirudi nyumbani kwenye kijia cha katikati ya michai, matope yakinata viatuni, alimshika Mongina mkono.

"Nisaidie, aki. Wewe hujasahihishwa hata siku moja. Imba nikufuate."

Hapo ndipo angesema ukweli. Badala yake akaimba, na kwenye "mvua yarudi" akapanda.

Amondi alikunja uso. "Kumbe ni hivyo? Mimi nilikuwa nashuka."

"Ndiyo... ni hivyo," alijibu Mongina, akiangalia chini.

Maskini Amondi! Aliurudia mstari ule wa uongo mpaka wakafika kwenye nyumba za wafanyakazi. Alipokuwa akiagana, alisema, "Asante sana, dadangu. Sasa nyanya atanisikia."

Jioni hiyo Mongina alikaa mbele ya ugali na mboga ya managu bila kumega. Mama yake, vidole vyake vikiwa bado vyeusi kwa utomvu wa majani chai, alimgusa paji la uso.

"Homa imerudi?"

Mongina aliangua kilio, akamweleza yote. Mama hakumkemea. Alimwacha alie mpaka akatulia, kisha akauliza, "Sasa Ijumaa, mwenzako akiimba ulivyomfundisha, nani atakuwa amemtoa kwenye kwaya?"

"Mimi," Mongina alinong'ona. "Lakini mama, mwalimu atanidharau. Watu watanicheka!"

"Watacheka, halafu watachoka. Aibu huisha, mwanangu. Rafiki akikutoka, kumrudisha ni kazi."

Ijumaa asubuhi Mongina alimtafuta Amondi ili amwambie. Alimkuta katikati ya wasichana wenzake, ujasiri ukamtoka. Akajiambia atasema baadaye. Baadaye ikawa ni alasiri, mvua inapiga mabati, na Amondi amesimama peke yake mbele ya kwaya.

Amondi aliimba vizuri sana. Sauti yake haikutetemeka tena. Alipofika kwenye "mvua yarudi" akapanda, bila wasiwasi wowote, huku akimtazama Mongina na kutabasamu.

Mwalimu Obiero alishusha pumzi. "Pole, Amondi. Nenda ukakae."

Tabasamu lilimpotea Amondi. Mvulana mmoja wa besi alicheka.

"Mwalimu, si yeye!" Mongina alisikia sauti yake mwenyewe. "Ni mimi. Ni mimi ninayepanda. Sijui huo mstari. Nilikuwa mgonjwa ulipoufundisha. Ukipita, huwa nafungua mdomo tu. Amondi alikuwa anaimba sawa, nikamfundisha makosa."

Amondi alimtazama kama aliyepigwa kofi. "Mongina! Nilikuamini."

"Nisamehe," alisema Mongina, akilia.

Mwalimu aliweka kikombe mezani. "Amondi, imba kama ulivyokuwa ukiimba kabla hujafundishwa na mtu."

Amondi aliimba huku akifuta macho, na kwenye pahali pale pagumu akashuka, taratibu, bila kukosea.

"Mimi ndiye niliyekukosea, mtoto wangu," Mwalimu Obiero alisema mbele ya wote. "Nilisikia kosa, nikamshika asiye na kosa. Nisamehe. Rudi kwenye safu yako." Kisha akageuka. "Mongina, sasa wewe. Kwa sauti."

Mongina aliimba peke yake. Akapanda tena! Yule wa besi alitaka kucheka, mwalimu akamtolea macho.

"Hilo ndilo kosa nililokuwa nikilitafuta," mwalimu alisema kwa upole. "Sasa nimelisikia, tunaweza kulitibu. Nani atamsaidia?"

Mongina hakuthubutu kuinua uso. Kisha akasikia viatu vikiburutwa sakafuni. Amondi alikuwa amesogea, akaacha nafasi kando yake.

"Simama hapa," alisema, bado amekasirika. "Sikiliza mimi, usisikilize soprano. Hapa tunashuka."

Mara ya kwanza Mongina alikosea. Akakosea tena, safari hii akajicheka mwenyewe huku machozi yakimtiririka. Amondi alimshikia bega na kulibonyeza chini kila walipofika kwenye neno lile, na mwishowe sauti zote mbili zikashuka pamoja. Kwaya nzima ilipiga makofi, hata besi.

Mwalimu Obiero aliwaita wamkaribie. "Watoto wangu, mficha uchi hazai. Hapa ndipo mahali pa kukosea, ndiyo maana tunafanya mazoezi. Kusema 'sijui' hakujamwangusha mtu. Lakini kosa ukilificha, usidhani limepotea. Litakwenda kumwangukia mwenzako, na mara nyingi litamwangukia yule anayekupenda na kukuamini. Mongina, umechelewa kusema, lakini umesema. Kwa hilo nakushukuru."

"Asante, mwalimu," alijibu Mongina.

Walipokuwa wakirudi kwenye safu, Amondi alimnong'oneza, "Nyanya akija, nitamwonyesha ni nani alitaka nisiimbe."

Mongina aliinamisha kichwa.

"Halafu nitamwambia ni rafiki yangu," Amondi akaongeza, akamshika mkono.