Mrija wa Arnaud

Tantine Dative, dada wa baba yangu, si mtu wa kuomba vitu. Baada ya mwanawe Arnaud kubaki vitani Congo, alitaka jambo moja tu: kujua mtoto wake alikufaje. Mwaka ulishapita na mwili haukuja. Familia ilimsihi aganduke, yaani amalize kilio kama desturi inavyotaka. Akagoma. Kwanza ajue.

Aliyerudi ni Jérémie, rafiki wa Arnaud, askari wa kikosi kimoja naye. Kila alipoulizwa alijibu yaleyale: "Mama, hakuteseka. Risasi moja, akaisha." Tantine alimtazama tu.

Jumamosi ile jua lilikuwa kali hapa mtaani kwetu, Kibenga. Tulikuwa watatu uani kwa Tantine: mimi, Jérémie, na mjomba wetu, Tonton Sébastien, mwalimu mstaafu wa historia ambaye hajawahi kushindwa ubishi kwa sababu hanyamazi. Katikati yetu kulikuwa na mtungi wa impeke, pombe ya mtama, na mirija mitatu.

Ubishi ulikuwa ule wa siku zote. Askari gani, tangu dunia ianze, walijua kupigana kuliko wote?

"Waroma," alisema Tonton. "Discipline! Mutu akianguka, wa nyuma anashika fasi yake."

"Apana, Tonton. Wamongolia. Wale walikuwa wanalala juu ya farasi," nikambishia.

"Farasi gani! Na watu ya mwami, mfalme wetu wa zamani? Mishale tu, mbele ya bunduki ya Wajerumani!"

Kati yetu ni Jérémie peke yake aliyewahi kupigana, na hakuna aliyemuuliza.

Tonton akazidi kuchemka. Zamani mwamuzi wa ubishi huu alikuwa Arnaud, huku anatafuna ncha ya mrija wake. Nadhani Tonton alisahau. Alipiga paja, akaita kwa sauti: "Arnaud! Kuja utuamulie!"

Kwetu, mtu ambaye kilio chake hakijamalizwa haitwi kwenye mtungi. Sote tulijua. Lakini jina lilishatoka.

Ndipo tukasikia mtu ananyonya.

Nilimtazama Tonton. Mdomo wake ulikuwa wazi. Nikamtazama Jérémie. Hakuna aliyekuwa ameinamia mtungi. Nikahesabu mirija. Ilikuwa minne.

Pombe ikashuka. Ikazidi kushuka. Mwenye kiu ya siku nyingi ndiye hunywa vile, bila kupumzika. Yakabaki machicha. Kunyonya hakukukoma. Kulikuwa kukavu sasa.

Tantine alitoka jikoni, akaona. Aliingia sebuleni, kwenye picha ya mwanawe. Nyuma ya picha ile ndipo alipokuwa ameuhifadhi mrija wa Arnaud. Alirudi mikono mitupu. Akapiga magoti.

"Mwanangu," alinong'ona, "uko na kiu?"

Sauti ya kunyonya ikakatika.

Jérémie akainama karibu naye. "Mama, nilidanganya. Alikaa siku mbili. Risasi ilikuwa mu tumbo. Alikuwa anaomba maji tu, Mama. Mto ulikuwa karibu. Mi niliogopa. Nilimuacha."

Tantine hakupiga kelele. Alileta ndoo, akamimina maji mtungini polepole mpaka ukajaa. Kisha alikivuta kichwa cha Jérémie, akakilaza begani mwake, wakalia pamoja. Niliumia kuwaona. Hata Tonton, na Waroma wake wote, alifunika uso kwa kofia.

Juma lililofuata tuliuzika mrija ule badala ya mwili, na Tantine akaganduka. Nilikuwepo. Niliutupia udongo kwa mkono wangu.

Ubishi wa askari hatujaurudia. Lakini mtungi bado uko uani, na Tantine anaujaza maji kila asubuhi. Jioni unakuta umekauka. Na ndani yake kuna mrija, ncha yake imetafunwa, mate bado hayajakauka.