Ufa Uliokula Puti

Puti aliyoijaza seremala jioni katika ufa wa dashibodi, asubuhi haikuwepo.

Haikuwa imebanduka, maana vipande vingeonekana mezani. Haikuwa imenywea, maana puti ikinywea huacha ukoko pembeni. Ufa ulikuwa mtupu na safi, kama sahani iliyorambwa na mwenye njaa. Tena ulikuwa umeivuka alama ya penseli aliyoiweka mwishoni mwake.

“Nimekosea dawa ya kukaushia,” alijiambia. Kazi yake ilikuwa makabati na vitanda, na hii ilikuwa dashibodi yake ya kwanza.

Alikuwa ameifungua garini bolti kwa bolti, akaileta katika chumba kidogo kando ya jiko, kwa sababu hakuweza kufanya kazi akiwa ameketi mle ndani. Katika kiti cha mbele cha gari lile, miaka miwili iliyopita, binti yao wa pekee alifariki kwa homa juu ya mapaja ya mama yake, zikiwa zimebaki barabara mbili tu kufika hospitali. Alikuwa na miaka sita. Walimwita Kijiko, kwa kuwa alikataa kulishwa kwa kijiko chochote ila chake.

Tangu siku hiyo gari lilikaa uani, na jua likaipasua dashibodi kutoka kwenye mlango wa kisanduku kilicho mbele ya abiria hadi katikati. Kila adhuhuri mke wa seremala aliiacha cherehani yake, akaenda kuketi katika kiti kile na kufunga mlango. Kila alipotoka, nguo zilionekana kumzidi kidogo kuliko jana. Ndipo seremala alipoamua: ataitengeneza dashibodi, na mdogo wake atakuja kulichukua gari.

Yeye mwenyewe msiba aliubeba kwa namna nyingine. Nguo za mtoto alizifungia sandukuni. “Tusimtaje,” alimwambia mkewe baada ya mazishi. “Tukimtaja tutazidi kuumia.” Na mke, ambaye kwa miaka sita alikuwa Mama Kijiko, akawa “wewe” tu.

Aliuanza ufa upya. Aliupanua kwa kisu, akausafisha kwa spiriti, akabandika kitambaa cha wavu kwa nyuma, akajaza puti, akangoja ikauke, kisha akashika msasa. Alipiga msasa kama alivyofundishwa ujanani, akiisemesha kazi kwa sauti ya chini ili mkono usiwe na pupa. Baadaye akasimama kufuta jasho.

Mlio wa msasa haukusimama.

Aliutazama mkono wake, ulikuwa hewani. Kwaru, kwaru, kwaru, mlio uliendelea kutoka ndani ya ufa, polepole, kwa mwendo uleule wa mkono wake, na pamoja nao ikapanda harufu ya dawa ya maji ya watoto, ile tamu yenye uchungu nyuma yake, ambayo nyumba ile haikuwa nayo tena tangu chupa ya mwisho ilipotupwa. Alitoka chumbani bila kuuweka msasa chini.

Adhuhuri ya siku iliyofuata alimkuta mkewe mle chumbani. Alikuwa amepiga magoti mezani, paji la uso amelilaza juu ya ufa, anacheka kidogo kidogo kama anayetekenywa.

“Unafanya nini, wewe?”

“Sss. Anasinzia.”

“Nani?”

Mke aliinua uso. Katikati ya paji palikuwa na mstari mwembamba, mkavu, umepinda palepale ulipopinda ufa. “Usizibe tena, mume wangu,” alisema. “Jana amelia. Anasema puti inamkaba.”

Seremala alitaka kucheka, asiwahi. Kwa maana chini, mezani, sauti ya mtoto aliyeamshwa kabla ya wakati ilisema, “Mama, baba amekuja?”

Mtabibu aliyeitwa siku hiyo alikuwa mama mmoja mzee, maarufu kwa jina la Bi Taratibu, kwani hata nyumba ikiungua hakuwahi kukimbia. Aliingia chumbani, akainusa dashibodi, akaligusa kidogo paji la mke, akatoka na kuomba maji ya kunywa. Aliyanywa mpaka gilasi ikaisha.

“Mwanangu,” alimwambia seremala, “wenzio wageni huwapokea mlangoni. Wewe huyu umemfungua bolti kwa bolti, ukambeba kifuani, ukamweka mezani.”

“Ni mwanangu, bibi?”

“Si mwanao. Mwanao amepumzika. Huyu ni jini asiye na chake. Hana sura, hana sauti, hana hata kumbukumbu. Hukaa tunduni akingoja kumiminiwa. Mkeo amemmiminia mtoto kwa miaka miwili, naye anamrudishia tone kwa tone. Maneno yakimwishia atamnywa msemaji. Umeuona ule mstari? Ukifika nyuseni, sina dawa.”

“Basi mtoe.”

“Mimi? Mimi hata kutoka kwenye kiti hiki utanisaidia.” Alimrudishia gilasi. “Atatolewa na aliyemlisha. Auzibe ufa kwa mkono wake, huku akijua anachokiziba. Akiziba na bado anaamini mtoto yumo, puti italiwa kama ulivyoona. Kwa hiyo kwanza ajue. Amuulize jambo ambalo hajapata kulitamka mbele yake.”

Mke hakubisha. Alikubali upesi, na kwa furaha, kama mzazi aliyeambiwa mwanawe atapewa mtihani mwepesi. Aliinama juu ya dashibodi, seremala akiwa upande mmoja na Bi Taratibu upande wa pili.

“Kijiko, mama anakuuliza. Ulipokuwa ukimnunia baba, ulimwita nani?”

Kisha ufa ukasema, “Bwana Misumari.”

“Mmesikia?” mke alinong’ona. “Hilo sikumwambia kamwe. Naapa.”

Bi Taratibu alifumba macho, na seremala akaona, kwa mwanga mweupe wa dirishani, ule mstari ukishuka katika paji la mkewe kama uzi unaochomolewa nguoni, ukikaribia nyusi, ukiachia tone ambalo halikuwa damu bali maji mazito yenye harufu ile tamu ya dawa, na chini yake ufa wa dashibodi ukinyooka kuelekea kwenye kidevu cha mkewe kwa mlio mdogo wa mtoto anayenyonya, naye mke akiwa bado anatabasamu, uso wote umeng’aa kama siku aliyomleta mtoto nyumbani, na wazo likamjia seremala kwamba akinyamaza tu, asiseme lolote, basi yeye naye atakuwa na binti kila adhuhuri, na hakuna atakayejua.

“Mama Kijiko,” alisema.

Mkewe aligeuka. Jina hilo hakuwa amelisikia kwa miaka miwili.

“Mimi ndiye niliyelitamka.”

“Lipi?”

“Bwana Misumari. Nililisema hapa, nikipiga msasa.”

“Wewe? Wewe uliyesema tusimtaje?”

“Mimi.” Alikuwa ameushika ukingo wa meza. “Nilikuwa naisemesha kazi, kama kawaida yangu. Mara nikajikuta namsemesha yeye. Nikamwambia Bwana Misumari anaomba radhi, siku ile alipita barabara ya soko, na barabara ya soko ilikuwa imefungwa na malori. Ningepita ya juu tungefika.”

“Kila siku unalia hapa, na mimi nipo chumba cha pili?”

“Sikulia. Nilipiga msasa.”

Tabasamu lilimtoka mke polepole, kama taa inayoishiwa mafuta. Kisha akainama tena, lakini safari hii hakuuweka uso wake juu ya ufa.

“Kijiko,” alisema, “uliniambia neno moja siku ile, kabla hatujafika kwenye kona ya hospitali. Neno hilo sijamwambia mtu. Baba yako hakulisikia, alikuwa anapiga honi. Hapa pia sijalisema. Lilikuwa neno gani?”

Mlio wa kunyonya ulikoma.

“Niambie, mama,” ufa ulisema. “Niambie kwanza, halafu mimi nikwambie.”

Mke aliunyosha mkono kwa mumewe bila kumtazama. “Puti.”

Seremala aliichanganya mwenyewe, akampa na kisu kipana. Mke aliikandamiza ndani ya ufa kuanzia mwisho wake, taratibu, kama anavyozika pindo la nguo. Sauti ya mtoto ililia. Ikaita mama. Ikasema kuna giza, ikasema ina kiu, ikarudia moja moja maneno yote yaliyomwagwa ndani ya gari lile kwa miaka miwili, mpaka yakaisha, na ilipobaki nafasi isiyozidi upana wa kidole, ndani ya ufa ilizungumza sauti nyingine, isiyo ya mtoto wala ya mtu mzima, kavu, ya kitu ambacho hakijawahi kuwa na kwao.

“Na mimi,” iliuliza, “nani atanisemesha?”

Kisu kilisimama. Kwa muda wa pumzi moja mke alionekana kama anayetaka kumjibu. Kisha akapitisha mkono, puti ikalala sawasawa, na chumba kikabaki na harufu ya puti peke yake.

Walingoja ikauke. Haikuliwa, na mstari wa paji haukushuka tena. Bi Taratibu alitaka kusaidiwa kusimama, akasindikizwa hadi mlangoni, akaenda zake.

Ndipo Mama Kijiko alipoanza kulia, kwa sauti, kilio alichokuwa hajakilia makaburini. Alipopata pumzi alimvuta mumewe karibu, akaziba kwa viganja pande zote mbili za sikio lake ili pasiwe na upenyo kwa mwingine, na humo akalinong’ona lile neno.