Vijiti Vinne vya Akwi

Kila asubuhi kabla ya kengele, Akwi na Edimu wa darasa la sita walifungua chumba cha kompyuta cha shule yao huko Mukuju. Edimu alifuta vumbi, Akwi akawasha. Kompyuta ilikuwa moja tu, nzito kuamka, hata mwalimu wao, Madam Lillian, aliweza kumenya muhogo, kuuchemsha na kuumaliza kabla picha haijatokea.

Akwi alilelewa Malaba, ambako lori likichelewa kushushwa mzigo, huongezwa wapagazi. Akapiga hesabu hiyo hiyo. Edimu alipokwenda kisimani, Akwi alichomoa vijiti viwili vya kumbukumbu, vile vinavyoipa kompyuta wepesi, katika kompyuta mbovu iliyokuwa stoo, akavipachika katika ile nzima, kando ya viwili vilivyokuwamo.

"Sasa wapagazi ni wanne," akajisemea.

Mashine iliamka vizuri. Mchana, Madam akiandika ripoti za wanafunzi sitini, kioo kikageuka buluu, kikazima. Ripoti zote zikapotea. Kila ilipowashwa tena, ilizima.

"Nani ameigusa hii?"

Ulimi wa Akwi ulikauka, ila haukukauka vya kutosha. "Edimu, Madam. Mikono yake hutoka jasho, imelowa kama ya chura."

Darasa zima likacheka.

"Kitambaa changu cha kufutia ni kikavu, Madam," Edimu alisema. Nani amsikilize? Alifukuzwa chumba cha kompyuta, akapewa fyekeo afyeke uwanja wiki nzima.

"Chura, leo umelowesha nini?" wenzake walimwuliza kila walipopita, wakikoroma kama vyura. Akwi naye alikoroma, asije akaonekana amenyamaza.

Siku ya tatu alikuja fundi Phillip kutoka Malaba. Alisimuliwa habari za mikono ya Edimu, akafungua kasha, akachungulia, akacheka peke yake.

"Madam, huyo mtoto wako wa jasho ni hodari. Jasho lake limezaa vijiti viwili."

"Vijiti gani?"

"Hivi. Ni vya mwendo mwingine kabisa. Vikikaa pamoja, vyote hulazimika kukifuata kilicho kizito. Tena vinne ni mzigo kwa ubao huu vinamopachikwa, unayumba, unaanguka. Ukiweka vinne, viwe vya aina moja, na huenda ukalazimika kuvipunguzia mwendo. Nani amevitia?"

Kutoka uwanjani fyekeo la Edimu lilisikika, fwa, fwa. Akwi alijua akinyamaza, Edimu hatarudi chumba hiki kamwe.

"Ni mimi," alisema. "Edimu hakugusa kitu."

Phillip alichomoa vile viwili. Kompyuta ikawaka, polepole kama zamani, wala haikuzima tena. Madam alimwita Edimu, akamwomba radhi mbele ya darasa, akamrudishia ufunguo. Fyekeo akalipokea Akwi.

"Edimu, nisamehe," Akwi alisema mlangoni.

"Nimesikia," Edimu alijibu, akaingia.

Akwi aliinama uwanjani, malengelenge yakimtoka viganjani. Wenzake walikuja kumtazama, lakini waliyemkoromea ni Edimu aliyekaa dirishani. Akwi aliwasihi waache, wakazidisha.

Madam Lillian alimkuta analia.

"Kuongeza vijiti lilikuwa kosa la mtu anayejifunza, mwanangu. Ungesema siku ile ile, ningekufundisha. Fundi amevichomoa kwa dakika moja. Uongo wako uko vinywani mwa watoto sitini, na fundi wa kuuchomoa humo hajazaliwa. Kesho utaanza na kinywa cha kwanza, umweleze mwenyewe ukweli. Haya, maliza nyasi."