Msiba wa Kutunga

Saa moja asubuhi.

Chumba cha nyuma cha Farhan fundi simu, pale mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu, kilinuka risasi ya kuchomelea na jasho la wanaume watatu. Ambindwile aliusukuma mlango kwa kisigino ukafunga. Hakuna aliyekaa.

"Ghala la chama cha ushirika, Kawetele," alisema. "Kahawa imejaa mpaka mlangoni. Kesho inaondoka. Leo tunaichukua sisi."

"Mchana?" Twalib aliuliza. Huyu alikuwa dereva, mtu wa Dar, na namba za Fuso lake zilikuwa za kubandika.

"Mchana kweupe. Huku kwetu msiba ukiita habaki mtu nyumbani. Hata Lukasi mlinzi ataenda. Tunatunga msiba, tunaupeleka Kyimo, Kawetele wanabaki kuku."

"Amekufa nani?"

"Abrahamu. Mdogo wake Felista. Yuko machimboni Chunya, mtandao wa kubahatisha. Mpaka wampate, sisi tuko Mbeya."

Wakamgeukia Farhan. Kazi yenyewe ilikuwa yake. Felista, katibu wa chama, alimletea simu abadilishe kioo, akamwonyesha na mchoro wa kuifungua, kama wateja wote wanavyofanya. Nani anamficha fundi? Farhan akaweka kioo kipya, na ndani akapandikiza programu ya kupeleleza. Tangu siku hiyo Ambindwile anasoma kila kinachosemwa kwenye kundi la chama akiwa amelala kitandani kwake. Farhan naye aliahidiwa duka Mwanjelwa kule Mbeya, duka la milango ya vioo, na kwa duka hilo akauza watu waliomlea.

"Ujumbe ukitoka, mwenye simu asiwe nayo," Ambindwile alisema.

"Ataileta mwenyewe. Nimeifanya ichemke."

"Na ukigeuka, Farhan?"

"Sigeuki."

Saa tatu.

Felista akaileta kweli. Alikuwa na mzigo wa ndizi anaupeleka sokoni.

"Fundi, hii simu ina nini? Inachemka wala sijaigusa. Bando naweka asubuhi, mchana halipo. Jana imewaka yenyewe nimeilaza kitandani. Wasije wakawa wameidukua."

Jibu alikuwa nalo. Zima data sasa hivi, dada. Futa programu usiyoijua. Badili nywila na namba zako za siri, tena kwa kutumia simu nyingine. Waambie watu wako wasiamini kitu kinachotoka kwako. Maneno manne tu, na yote yalimfika kooni. Akayameza.

"Betri imechoka, dada. Niachie mpaka jioni."

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu." Akachomoa chane la ndizi kwenye mzigo wake, akamwekea mezani. Farhan alilisogeza chini ya meza, maana kulitazama hakuweza.

Saa nne.

Aliandika kwa simu ya Felista: *Ndugu zangu, mdogo wangu Abrahamu hatunaye. Kifusi kimemwangukia. Msiba uko kwa baba, Kyimo. Njooni.*

Akatuma. Hapo hapo simu ikalia upande wa pili wa ukuta wa mbao, barazani, alipokaa Neema mkaanga vitumbua. Neema ndiye aliyekuwa akimletea Farhan chai kila asubuhi bila kuombwa, na ndiye mke wa Lukasi mlinzi.

"Jamani, Abrahamu," Farhan alimsikia. "Yule mtoto nimembeba mgongoni." Kisha akampigia mumewe. "Baba, umeona? Funga ghala uende na wenzio. Mimi nimalize hivi vilivyo jikoni, nitakukuta."

Ubao mmoja tu uliwatenganisha. Angeugonga tu, Lukasi angebaki ghalani. Farhan alishika bisibisi akajifanya anafanya kazi, na moyo ulimsuta.

Saa tano.

Felista alifika kutoka sokoni miguu mitupu, kanga inaburuta, Neema amemshika kiunoni.

"Nipe simu, fundi, namba yake imo humo. Sokoni wananipa pole tu, hata sijui habari imetoka wapi. Nimpigie. Nisikie mwenyewe."

"Nimeshaifumua, dada. Haiwaki."

Kwenye droo simu ikatikisika. Farhan aliivuta droo kidogo. Kwenye kioo, kile kioo alichokiweka kwa mikono yake, kulikuwa na jina: Abrahamu. Maiti inapiga simu. Akabonyeza, ikanyamaza. Felista alikuwa ameketi sakafuni, ameukumbatia mguu wa meza, anamwita mdogo wake kwa jina la utotoni.

Ikatikisika tena.

Mtu ana mwisho wa ubaya wake, hata awe mwizi, na wa Farhan ulikuwa hapo. Akaitoa simu, akapokea, akaifungulia sauti.

"Dada," sauti ilisema, upepo wa machimboni unavuma nyuma yake. "Huku wananiambia nimekufa."

Felista alilia, akacheka, akalia tena. Farhan hakungoja aulizwe. "Simu yako imedukuliwa, dada. Waandikie kundini upesi, halafu tuzime data." Nani kaidukua, hakusema. Woga ulimbana hapo.

Felista akaandika mwenyewe: *Abrahamu ni mzima. Simu yangu imedukuliwa. Habari yoyote ya kifo mtakayopata leo ni uongo.* Farhan akazima data, akaifuta ile programu, akatumia simu yake mwenyewe kumbadilishia nywila. Neema alifuta machozi kwa upande wa kanga, akaenda jikoni kwake, akarudi na sahani ya vitumbua.

"Kula, fundi. Leo umeokoa watu."

Ndipo simu ya Farhan ikalia, akaipokea kwenye mlango wa nyuma. Ambindwile. Nyuma yake kelele za watu wengi.

"Wameziba barabara," alihema. "Wanataka lifti ya msibani. Twalib kawagomea."

Farhan alifumba macho; ujumbe wa Felista ulikuwa haujawafikia. Ambindwile, mzaliwa wa hapa hapa, alikumbuka kwamba msiba hautaacha mtu nyumbani. Alisahau kwamba watu hao wote watakuwa barabarani, njia ile ile ya Fuso. Siku ya msiba gari linalopita ni la waombolezaji. Kuwanyima ni kitu ambacho Kawetele hawajawahi kukiona. Mtu wa Dar angejuaje?

"Wapakieni," Farhan alinong'ona. "Kaka, wapakieni tu."

"Wakae wapi, juu ya magunia yao? Lukasi kapanda nyuma. Anafunua turubai. Ameiona alama ya chama." Kisha, kwa mwingine: "Twalib, kanyaga mafuta. Kanyaga."

Injini ikanguruma. Kitu kikaanguka, mwanamke akapiga yowe, simu ikakatika.

Saa sita kasoro.

Simu ya Neema ikalia. Aliifuta mafuta kwa kanga, akasoma taratibu, midomo inacheza. Akaguna.

"Hawa wahuni hawachoki. Sasa wameingilia na ya mwenyekiti. Eti Lukasi kaanguka kwenye gari la wezi, eti hatunaye. Eti gari limeingia mtaroni na wezi wameshikwa." Alitikisa kichwa akitabasamu, akamsogezea Farhan simu. "Wamemuua na mzee wangu. Fundi, hii nayo ni ya wale wale, au siyo?"

Felista naye alitabasamu. Wote wawili walimngoja, maana yeye ndiye mjuzi wa mambo hayo.

"Kaa chini, dada Neema."

"Nikae nifanye nini? Niambie tu ni uongo nikageuze vitumbua."

Farhan aliitazama sahani. Angeweza kusema ndiyo, akatoka kwa mlango wa nyuma, akawahi gari la Kyela. Mlango ulikuwa wazi.

"Si uongo, dada. Uongo ulikuwa ule wa asubuhi. Niliuandika mimi."

Felista aliinuka polepole, akaikumbatia simu yake kifuani. Neema aliivuta sahani ya vitumbua upande wake.

"Na chai yangu ukainywa," alisema.