Kituo cha Grasiana Kisichosajiliwa

Ndugu zangu, asubuhi ile nyumbani kwa Grasiana, pale Hale, kando ya Mto Pangani, kulikuwa shwari. Watoto tisa wa akina mama waendao shambani na sokoni walikuwa mkekani wakinywa uji, naye akiwaimbisha. Kazi hiyo ya kulea watoto mchana aliianza kwa mapenzi, na wazazi walimwamini.

Afisa ustawi wa jamii alikwisha kumpitia zaidi ya mara moja. "Mama, sajili kituo. Andikisha jina la biashara, chukua namba ya mlipa kodi, kisha tuje tukague nyumba. Utahitaji uzio na msaidizi."

"Nitakuja, baba," Grasiana alijibu. Moyoni akasema: usumbufu wote huo wa nini, na watoto hawa ni kama wanangu?

Basi siku hiyo mtoto mmoja akatapika. Grasiana akaingia naye ndani kumwosha. Aliporudi, Yusra, binti mdogo wa Mashavu, hakuwepo.

Alichungulia chooni, akazunguka jiko. "Yusra! Wee Yusra!" Ndipo alipoona majani yaliyolala kwenye kijia cha kuteremkia mtoni. Mto Pangani mnaujua, wasomaji. Maji yake yana nguvu, na mamba wamo. Ateremke, awaache wengine peke yao? Abaki? Hakuwa na wa kumsaidia. Alipiga yowe mpaka sauti ikakauka.

Majirani wakatawanyika mtoni. Mashavu akaja mbio, khanga imemdondoka begani. "Dada Grasiana, mwanangu yuko wapi?"

Grasiana akanyoosha kidole kuelekea mtoni.

Mzee Semboja, jirani, ndiye aliyemkuta mtoto, ameng'ang'ania matete, maji yamemfika kifuani, hata kulia hawezi. Mashavu akampokea, akamfunga mgongoni, akaondoka bila kumtazama Grasiana.

Kesho yake hakuletwa mtoto hata mmoja. Wakaja askari. "Cheti cha usajili kiko wapi, mama?" Grasiana hakuwa nacho. Hakufungwa yeye, kilifungwa kituo. Lakini mpaka leo, akisikia mtoto analia njiani, hutoka nje mbio.

MAFUNZO

Mapenzi peke yake hayalindi mtoto. Uanzishapo kituo, kikundi au biashara, kisajili kabla hujamfungulia mtu mlango. Mkaguzi unayemwona msumbufu huona hatari ambayo wewe umekwisha kuizoea. Yusra alipatikana akiwa hai. Mwingine huenda asijaliwe hivyo.