Kuna Mwanamke Nyuma Yako

"Mpenzi wangu, umekula?"

Sauti ilitoka kwenye simu. Ya kike, tena ya kudeka. Saluni nzima ikageukia meza, hata aliyekuwa chini ya draya akachomoa kichwa.

Msusi alikuwa na rasta za mteja mikononi, kwa hiyo simu zake zote alizipokea kwa spika, simu imelazwa mezani katikati ya vitana na mafuta. Ndiyo maana mapenzi yake na mchumba wake, Mrefu, aliyekwenda ughaibuni kufanya kazi hotelini, yalikuwa mali ya umma. Wateja walijua lini wamenuniana na lini wamepatana.

"Nani huyo nyuma yako?" Msusi akamuuliza Mrefu, aliyekuwa hewani.

"Nyuma wapi?" Mrefu akababaika. Maji yakasikika yakimwagika. "Nitakupigia baadaye."

Akakata.

"Mimi sijasema kitu," alisema Shangazi, mwenye saluni.

"Sema tu, Shangazi."

"Harusi kaahirisha mara mbili. Leo kuna mwanamke anamuuliza kama amekula, na maji ya kuoga yanamwagika. Unataka nikuchoree?"

"Na Kiswahili anakijua," akadakia mteja mwalimu, kichwa chake kimesukwa nusu. "Huyo ni wa kwetu huyo."

"Kasema vile vile ninavyosema mimi," Msusi akajibu polepole.

Hapo ndipo palipomchoma. Maneno yake mwenyewe, kwa mdeko wake mwenyewe, kinywani mwa mwanamke mwingine. Na yeye kila Jumapili alikwenda kumuogesha na kumsuka mama yake Mrefu, ambaye miguu ilishamkatalia. Akafuta mafuta vidoleni, akaandika:

"Huyo aliyekuuliza, mjibu kama umekula. Mimi na wewe basi. Mama nitaendelea kumhudumia, hana kosa."

Akazima simu.

Kesho yake Mrefu akapiga kwa Shangazi, simu ya video.

"Shikamoo, Shangazi."

"Shikamoo za wahuni sipokei."

"Naomba mniangalie. Naye awepo. Na wote mliopo."

Aliposema wote, Shangazi hakuhitaji kubembelezwa tena. Akaiegemeza simu kwenye kioo, wanawake wakabanana. Msusi akasimama nyuma kabisa, mikono kifuani.

Kwenye simu kulikuwa na chumba chenye kitanda cha vyuma pembeni. Bibi kizee wa huko ughaibuni, nywele nyeupe pee, alikaa kitini na taulo mabegani. Nyuma yake Mrefu, kavaa aproni, kitana mkononi.

"Mwanamke mliyemsikia ndiye huyu," akasema, akapitisha kitana.

"Dada, inamisha kichwa," bibi akasema kwa Kiswahili cha kuigiza, kwa mdeko ule ule wa jana. "Usitingishike. Mpenzi wangu, umekula? Shangazi, umeme umekatika."

Saluni ikaangua kicheko. Msusi akajikuta amefika mbele, hajui amewapita vipi.

"Hayo ni maneno yangu."

"Yako yote. Nikimuogesha au nikimlisha mikono yangu inakuwa na kazi, nakuweka spika. Kumbukumbu zimemtoka, hata binti yake hamtambui, lakini akisikia sauti yako anatulia, anakula. Maana ya anachosema haijui."

"Na hoteli?"

Mrefu akainamisha macho. "Hoteli haijawahi kuwepo. Naosha, nalisha, nabadilisha nepi. Niliona washikaji watanicheka, na wewe utanionea aibu."

"Mama yako anaogeshwa na nani?"

"Na wewe."

"Sasa nikuonee aibu kwa kazi ninayoifanya nyumbani kwenu?"

"Aibu ni yangu mwenyewe. Nimemwachia mchumba mama yangu, nimekuja kumuogesha mama wa mtu. Na binti wa huyu bibi naye yuko nchi nyingine, kaenda kutafuta maisha. Kila mmoja yuko mbali na mama yake."

Mwalimu, aliyerudi kumaliziwa kichwa, akavuta taulo la saluni, akajifuta macho nalo.

"Machozi baadaye," Shangazi akaingilia. "Harusi je?"

"Niliahirisha kwa sababu akilishwa na mwingine hakubali kula. Ila binti yake kapata uhamisho, anarudi mwezi ujao kumtunza mwenyewe, nitamzoesha kabla sijaondoka. Tiketi ninayo."

"Unakuja kutembea au unakuja?" Msusi akauliza.

"Nakuja kukaa. Kazi hii nitaifanya huko, naanza na mama. Kama bado unanitaka."

Mwalimu akamgeukia Msusi.

"Mwanaume anaogesha, analisha, anachana nywele. Kama humtaki tuambie mapema, tupange foleni."

"Foleni kapangeni benki," Msusi akasema, na kile kilichomkaa kifuani tangu jana kikatoka kwa kicheko kirefu. "Na wewe, mwongo mkubwa. Ukishuka tu, mama umwambie ukweli kwa mdomo wako. Jumamosi inayofuata tunafunga ndoa. Ukiahirisha tena, naolewa na yeyote atakayepita hapo mlangoni."

"Sawa, mke wangu."

"Bado."

"Sawa, mchumba."

"Sasa sogeza simu karibu nione unavyomchana bibi wa watu. Anzia kwenye ncha, taratibu, unamuumiza. Hivyo. Hivyo hivyo."